Somo: Kuanza kazi ya rasilimali watu ukiwa Mtwara

Vijana wanaonijia huulizia cheti kwanza. Mimi nawaanzisha na sheria.

Hatua ya 1. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, polepole, hata mara tatu. Haya yakae kichwani: saa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, likizo ya uzazi siku 84, na 100 kwa aliyejifungua mapacha.

Hatua ya 2. Piga hesabu za mshahara kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta. Chukua mshahara wa msingi wa 390,000 kwa mwezi. Gawa kwa 4.333, ndio wastani wa wiki za mwezi, halafu kwa saa 45 za wiki: inakuja kama 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Msimu wa korosho watu hupitiliza ghalani mpaka usiku. Ukikosea hapa, umekula jasho la mtu, na yeye hana wa kumtetea ila wewe uliyeshika daftari.

Hatua ya 3. Cheti sasa. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapa hapa Mtwara.

Hatua ya 4. Ingia kwa mlango mdogo: ghala, hoteli, kampuni ya ulinzi. Omba kushika mafaili ya mikataba na likizo.

MASWALI

Shikamoo dada. Nimesomea ualimu, nitafaa?

Marahaba mdogo wangu. Utafaa. Umeshazoea kusikiliza watu na kutunza rejesta, ongeza sheria.

Dada, za serikalini naombaje?

Fuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, uombe kwa mtandao. Ila huko jiandae pia na Sheria ya Utumishi wa Umma, si hii niliyoitaja juu peke yake.

Bosi akitaka niandike barua ya onyo ya tarehe ya nyuma ili amfukuze mtu?

Kataa, kaka. Mimi niliwahi kuombwa hivyo, nikakataa huku natetemeka. Aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko wataulizia saini yake kwenye barua hiyo. Mwambie bosi taratibu, mkiwa wawili: aitwe mfanyakazi, asomewe kosa, apewe muda wa kujitetea, aje na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Yote yaandikwe siku hiyo hiyo.