Somo: Kuchagua tahasusi na kozi ya chuo kwa kuanzia mwisho

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka swali ninaloulizwa kabla ya mengine yote ni hili: "Mwalimu, kombi ipi inalipa?" Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya Temeke, na nimeshuhudia swali hilo likiwaingiza vijana wenye uwezo katika tahasusi (kombi), yaani michanganyiko ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita, ambazo baada ya miaka miwili haziwafikishi walikotaka kwenda. Ninawaomba tulifuate jambo hili kwa njia nyingine. Tuanze na kozi ambayo kijana anatamani kuisoma chuoni, tusome sifa zake za kujiunga neno kwa neno, kisha turudi nyuma hadi kwenye tahasusi na masomo aliyofaulu.

Hatua ya kwanza: Matokeo yawe kwenye karatasi

Chukueni daftari, muandike kila somo na alama yake, kisha mweke pointi pembeni: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja huhesabiwa kwa masomo saba yaliyofaulu vizuri zaidi, lakini daraja peke yake halichagui tahasusi. Vijana wawili wanaweza kuwa na daraja la pili lenye pointi zilezile, mmoja akawa amebebwa na sayansi na mwingine na lugha. Pigeni mstari chini ya kila A, B na C, kwa sababu hizo ndizo krediti, na anayetaka kidato cha tano anahitaji angalau krediti tatu bila kuhesabu masomo ya dini.

Hatua ya pili: Kozi tatu na sifa zake

Kijana aandike kozi tatu anazozitamani, wala si moja. Kwa shahada, sifa zimo katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Kwa astashahada na stashahada, zimo katika mwongozo wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Miongozo hii hutolewa upya kila mwaka, hivyo msitumie nakala ya kaka yake aliyemaliza zamani.

Nitaeleza kwa mfano, kwa kuwa hapa ndipo makosa mengi hutokea. Binti mmoja wa Tandika alikuja ofisini na mama yake, daftari mkononi. Alikuwa na Baiolojia B, Kiswahili B, Kemia C, Jiografia C, Kiingereza C, Fizikia D na Hisabati D, jumla pointi 21, daraja la pili. Alitaka kuwa daktari, na jirani alikuwa amemshauri achague CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, "kwa sababu Fizikia imemshinda na CBG nayo ni sayansi." Tulifungua mwongozo, nikamwomba asome mwenyewe kwa sauti. Shahada ya udaktari wa binadamu ilitaka alama kuu, yaani A hadi E za kidato cha sita ambazo vijana huziita prinsipo, katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye neno Fizikia, akanyamaza. Mama yake ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo CBG haimpeleki?" Haimpeleki. CBG ni tahasusi nzuri kwa kilimo, misitu, mazingira na ualimu wa Baiolojia na Kemia, lakini mlango ule mmoja aliokuwa akiutaka ungefungwa siku anaingia kidato cha tano, na hakuna ambaye angemwambia hadi afike kidato cha sita.

Hatua ya tatu: Rudini nyuma hadi kwenye tahasusi

Kwa kila kozi kati ya zile tatu, andikeni tahasusi zinazoifikia. Mtaona kwamba tahasusi moja hufika kozi nyingi na nyingine hufika chache. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) inafungua uhandisi, kompyuta, takwimu na hata baadhi ya kozi za biashara. HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) inafungua lugha, sheria, uandishi wa habari na ualimu, lakini haifungui uhandisi wala tiba. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 zilizokuwepo, na upana huo ni jambo la heri kwa vijana wenye vipaji mbalimbali. Hata hivyo, anayevutiwa na tahasusi mpya ahakikishe kwanza kwamba masomo yake yametajwa katika sifa za kozi anayoilenga.

Kisha pimeni uwezo kwa ukweli na kwa upole. D ya Fizikia kidato cha nne haimaanishi kwamba mtoto ni mzito. Mara nyingi inamaanisha kwamba shule ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo. Lakini Fizikia ya kidato cha tano inapanda haraka, na anayeingia na D aingie akiwa na mpango wa kusoma, asiingie kwa matumaini matupu.

Hatua ya nne: Chuo cha kati kihesabiwe kama njia kamili

Ninasikitika kuona wazazi wakiichukulia stashahada kama adhabu ya kukosa kidato cha tano. Yule binti wa Tandika, baada ya kuiona karatasi yake yote, alichagua stashahada ya utabibu, ambayo huchukua miaka mitatu na ambayo D yake ya Fizikia, pamoja na Kemia na Baiolojia, ilimruhusu kuiomba. Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada akiwa na wastani wa alama (GPA) wa angalau 3.0 na sifa nyingine za kozi husika. Hapa Dar es Salaam zipo taasisi kama DIT kwa ufundi na uhandisi, CBE kwa biashara na Chuo cha Maji kwa masuala ya maji. Popote mnapoomba, hakikisheni kwanza kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba kozi yenyewe ina ithibati.

Hatua ya tano: Jaza mwenyewe

Kubadilisha tahasusi na vyuo baada ya matokeo ya kidato cha nne hufanyika katika mfumo wa TAMISEMI uitwao Selform, ndani ya muda unaotangazwa. Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni. Wengi wetu tunakwenda steshenari, na si vibaya, ila namba ya simu na nywila ziwe zako. Mwanafunzi wangu mmoja alidahiliwa na vyuo viwili, na namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ikaenda kwenye simu ya kijana wa steshenari aliyemjazia fomu. Tulimtafuta kijana huyo siku mbili, na muda ulikuwa unakwisha.

Maswali ya wanakikundi

Mwanafunzi wa kidato cha pili, Tabata: Shikamoo mwalimu. Shuleni kwetu tukifika kidato cha tatu tunaruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Naona Fizikia ngumu. Niiache?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla hujaiacha, elewa unaacha nini: uhandisi, udaktari, stashahada ya utabibu, na kozi nyingi za ufundi wa umeme na mitambo. Kama moyo wako uko kwenye sheria, uhasibu au lugha, iache kwa amani na uziongezee nguvu Hisabati na Kiingereza. Kama hujui bado moyo wako uko wapi, ibakize. D ya Fizikia itakufaa kuliko nafasi iliyo wazi kwenye cheti.

Mzazi, Mbagala: Mwanangu amepangiwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) wakati sisi tulitaka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Tumzuie asiende kwanza?

Jibu: Hapana mama, aende aripoti kwa wakati, kwa sababu anayechelewa anaweza kupoteza nafasi. Akifika amwone mkuu wa shule. Kama HGE inafundishwa hapo, kuna nafasi na alama zake zinamruhusu, ombi husikilizwa. Lakini muulizeni yeye mwenyewe kwanza. HGE ina Uchumi, na humo kuna hesabu nyingi pamoja na somo la ziada la Hisabati wanaloliita BAM. Kama anataka sheria, HGL inamfikisha vilevile.

Mhitimu wa kidato cha sita, Ubungo: Nina C ya Jiografia, E ya Uchumi na F ya Hisabati, tahasusi EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Je, nimefikia shahada?

Jibu: Katika hesabu ya TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, hivyo alama zako kuu mbili zinafikisha 4, ambacho ndicho kiwango cha chini. Hicho ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba tu, na kozi zenye waombaji wengi hujaa kwa wenye alama za juu zaidi. Zitoe kwenye orodha kozi zinazodai alama kuu ya Hisabati, kisha uombe zile ambazo Jiografia na Uchumi vimetajwa.

Baba, Kigamboni: Kijana wangu ana daraja la nne, pointi 28, na anapenda sana magari. Ndugu wananiambia arudie mtihani.

Jibu: Pole kwa maneno ya ndugu. Muulize kama ana kozi anayoilenga ambayo inakosa somo moja au mawili tu. Kama ipo, arudie masomo hayo pekee. Kama ni magari anayoyapenda kweli, mpeleke chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe siku ya kazi, asimame kwenye karakana saa nzima akitazama wenzake wanavyofungua injini, aulize sifa, ada na muda wa kozi, halafu muongee jioni mkiwa nyumbani.