Kuvua omena usiku kwa taa: hatua kwa hatua kutoka Usenge

Kila mwezi wa Agosti, msimu wa omena unapofunguliwa, vijana wawili watatu hunijia hapa ufuoni Usenge, kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya, wakiomba nafasi kwenye chombo. Nguvu za kuvuta wavu wanazo. Wanachokosa ni subira ya kukaa gizani mikono mitupu. Nimevua usiku miaka kumi na sita, saba kati ya hiyo nikiwa nahodha, na bado nasema kazi hii kubwa yake ni kungoja. Wavu huteremshwa kwa dakika chache tu. Taa hungojwa saa nzima na zaidi, na wengi hupoteza samaki wao katika saa hiyo kwa pupa.

Omena, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, ni samaki mwembamba wa kung'aa, aghalabu hazidi urefu wa kidole. Mchana hushuka kwenye maji ya kina. Jua likizama hupanda akifuata vijidudu vya majini anavyokula, na kwa kuwa vijidudu hivyo navyo hupenda mwanga, taa moja juu ya maji meusi hukusanya chakula na mlaji pamoja. Ndiyo maana tunavua usiku.

Hatua ya 1: Ruhusa, msimu na jicho la wavu

Jisajili kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, pata leseni ya uvuvi, na hakikisha chombo kimeandikwa namba yake. Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa ili azaliane. Miezi minne ni mirefu kwa nyumba inayokula kutoka ziwani, nami hujishikiza kwa kulima mtama na kushona nyavu za wenzangu. Hata hivyo siingii.

Jicho la wavu wa omena lisipungue milimita 10. Utaona watu wakivuta nyavu za macho madogo zaidi, hata vyandarua vya kitandani, na asubuhi mabeisini yao yamejaa. Chungulia ndani ya beisini hilo: nusu yake ni vichanga ambavyo havijawahi kutaga, pamoja na mbuta (sangara) wadogo kama kidole gumba. Mbuta huyo angeachwa angekuwa samaki wa kubebwa na watu wawili. Linaniuma jambo hili, na kwenye chombo changu halina mjadala.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi

Kabla ya kununua mafuta ya injini, angalia juu. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote ni taa, na taa yako haina thamani. Omena hutawanyika badala ya kukusanyika. Ndiyo maana karibu na mwezi mpevu utatukuta nchi kavu tukitia viraka nyavu.

Lakini usipoteze usiku mwingi kuliko inavyohitajika. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua likizama tu. Kila usiku baada ya hapo huchelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo usiku wa nne unakuwa na giza mpaka saa nne hivi, na giza hilo linatosha kuvuta mara moja, hata mara mbili ukiwa mwepesi. Kabla ya mwezi mpevu mambo hugeuka: mwezi unapokuwa nusu, huzama karibu na saa sita usiku, kisha giza ni lako mpaka alfajiri. Siku kama hizo sisi huondoka ufuoni saa nne au saa tano, wakati wengine wameshalala wakidhani hakuna kazi.

Andika kwenye daftari siku mwezi ulipoandama na ulivyovua kila usiku. Daftari langu la mwaka wa kwanza lilinifundisha kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 3: Kagua taa na wavu mchana

Nilianza na karabai. Ilikuwa na mwanga mzuri wa kuenea, lakini ilikunywa mafuta ya taa usiku kucha, na tone moja la mvua likigusa kioo cha moto, kioo hupasuka. Siku hizi tunatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Hazina moto, haziogopi mvua, na pesa ya mafuta hubaki mfukoni. Ubaya wake ni kwamba betri mbovu haikuambii kitu mchana. Niliwahi kununua betri nne kwa muuzaji mmoja mjini, zote zikazimika kabla ya saa saba usiku tukiwa tumeshazungukwa na samaki. Tangu hapo kila betri mpya huiwasha nyumbani usiku kucha, nikaamka kuitazama, kabla sijaiamini ziwani.

Taa hukaa juu ya kielea cha mbao. Kifunge imara kisipinduke kwa wimbi dogo. Kwenye wavu kagua kamba ya juu yenye maboya na kamba ya chini yenye vipande vya risasi vya kuizamisha, na pitisha vidole kwenye tumbo la wavu kutafuta matundu. Tundu la kupita ngumi linatosha kumwaga kazi ya usiku mzima. Bebeni kopo la kuchotea maji, kafi za akiba hata kama mna injini, maji ya kunywa, na simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Jaketi la kuokoa maisha kila mtu avae, asiliweke chini ya kiti. Mwaka mmoja mwenzetu aliteleza akitupa nanga, chombo kikiwa hakitikisiki hata kidogo. Alikuwa muogeleaji mzuri tangu utoto. Nguo nzito na giza vilimchanganya akaogelea kwenda mbali na sisi. Jaketi ndilo lililomweka juu mpaka tukamfikia kwa kufuata sauti yake.

Hatua ya 4: Soma upepo kabla ya kutoka

Huku kwetu usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukaja nchi kavu. Wazee waliopiga tanga waliutumia hivyo: waliondoka na wa usiku, wakarudi na wa mchana. Mwenye injini pia aujue, maana injini ikikufia usiku, upepo huo hautakurudisha nyumbani. Utakusukuma ndani zaidi.

Sikiliza utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha tumia macho. Wingu jeusi lenye ukingo mkali, umeme usiokoma upande mmoja, na baridi ya ghafla baada ya joto zito la jioni: vikija pamoja sisi hatutoki. Vikitukuta ndani, tunakusanya taa na kuondoka hata kama samaki wanachemka. Nimeshakata kamba nikaacha taa mbili zikielea. Taa hununuliwa.

Muwe macho pia mnapotoka na kurudi kandokando ya matete. Kiboko huenda malishoni usiku na kurudi majini alfajiri, saa zile zile tunazopita sisi. Tunamulika mbele, tunapunguza mwendo, na hatukatizi kati yake na maji ya kina. Magugu maji yakiwa yameziba njia, zungukeni. Kulazimisha injini ndani yake ni kujifunga hapo mpaka asubuhi.

Hatua ya 5: Tega taa, kisha tulia

Sisi ni wanne chomboni: nahodha, wavuta kamba wawili, na mtu wa taa. Tukifika tunazima injini mapema na kumalizia kwa kafi. Taa nne zinashushwa moja moja, kila moja na jiwe lake la nanga, kwa nafasi ya hatua mia hivi. Chombo kinasogea pembeni, nje ya mwanga.

Sasa kaeni. Msigonge mbao, msiburute nanga, msirushe kopo. Ubao wa chombo ni ngoma, na aliye chini ya maji anaisikia kabla yako. Ongeeni kwa sauti ya chini. Wadudu wa ziwani watakuja kama wingu la moshi, waingie puani, masikioni na kwenye chai. Fungeni kitambaa usoni mvumilie, kwa sababu wingu hilo ni dalili njema: wadudu wakianguka majini, omena hula.

Dakika ishirini za kwanza hutaona kitu. Kisha vimulimuli vya fedha vinapita chini ya taa, kimoja, vitano, vinapotea. Hapa ndipo nahodha mgeni husema, "Wamefika, tuvute!" Mimi mwenyewe nilisema hivyo mwaka wangu wa kwanza wa unahodha, usiku tatu mfululizo, na mara zote tulipata samaki wasiojaza karai. Mzee aliyenifundisha alikuwa amestaafu wakati huo. Nikaenda kwake asubuhi kumlalamikia, akaniuliza, "Maji yalikuwa yanalia?" Sikumwelewa. Akasema, "Mwanangu, wa kwanza kuja ni wapita njia. Ngoja maji yalie."

Usiku uliofuata niliyasikia. Ni sauti kama manyunyu juu ya majani, ilhali mbingu ni kavu. Omena wanagusa uso wa maji kwa maelfu, na duara zima chini ya taa linatetemeka. Kwa kawaida hufika baada ya saa moja, mara nyingine mbili. Ukisikia kishindo kizito pembezoni mwa mwanga, huyo ni mbuta aliyekuja kula, na ana maana kwamba chakula chake kipo. Akizidi vishindo usingoje tena, maana atawatawanya.

Nikiulizwa raha ya kazi hii iko wapi, ya kwanza ni sauti hiyo. Sijaizoea mpaka leo.

Hatua ya 6: Zungusha wavu

Anza na taa yenye samaki wengi, ukiacha nyingine ziendelee kukusanya. Kama taa mbili zina wachache wachache, mtu wa taa avute moja polepole sana kuelekea nyingine. Samaki hufuata mwanga, lakini ukivuta kwa haraka huuachia njiani.

Funga ncha moja ya wavu kwenye boya, liache majini. Chombo kizunguke taa kwa kafi, wavu ukishushwa bila vishindo, mpaka mrudi kwenye boya na kufunga duara. Taa ibaki katikati, ikiwaka. Hapo vuteni kamba za chini kwanza, za pande zote mbili, kwa mwendo mmoja. Mwanzoni wengi huvuta kamba ya juu kwa sababu ndiyo inayoonekana, na samaki hushuka wakatokea chini. Risasi zikishakutana, tumbo la wavu limefunga, na wavuta kamba hawana haja ya kukimbia tena.

Vuteni wavu ndani mkono kwa mkono, mkipunguza duara. Ondoeni taa pale samaki wanapokuwa ubavuni mwa chombo, si kabla. Kisha wachoteni kwa beisini. Msiinue wavu mzima kwa nguvu: uzito wote ukija upande mmoja, chombo hulala. Mbuta wachanga mtakaowaona wakiwa hai, warudisheni hapo hapo.

Usiku mzuri huvuta mara tatu au nne. Usiku mbaya huvuta mara moja, na kuna usiku unarudi na maji matupu, ukiwa na deni la mafuta. Mweleze mkeo na watoto hilo mapema.

Hatua ya 7: Asubuhi

Tunafika ufuoni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na akina mama wananunua kwa beisini kabla hatujatia nanga. Raha ya pili ya kazi hii ndiyo hii: jasho la usiku hulipwa kabla ya chai. Kwetu gharama hutolewa kwanza, kilichobaki nusu kwa mwenye chombo, nusu tunagawana wavuvi. Kubalianeni kabla ya kutoka, mbele ya mashahidi, maana ugomvi mwingi wa ufuoni huanzia kwenye hesabu.

Uzuri wa omena hutegemea saa chache zinazofuata. Mama yangu alianika omena maisha yake yote. Hakuruhusu wagusane na mchanga, akisema mnunuzi wa gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni, hapimi mchanga mara mbili. Suuza, tandaza kwa wembamba juu ya chanja au wavu mkuukuu ulioinuliwa, na geuza jua likipanda. Siku ya jua kali, jioni wako tayari kwa gunia. Mvua ikiwakuta wakiwa nusu, hulainika na kunuka, na bei yao inakuwa ya chakula cha kuku. Kwa hiyo mtoto mmoja akae na turubai karibu, akitazama mawingu.

Wavu suuza na maji safi, utundike kivulini. Betri ziweke juani kabla ya saa nne asubuhi, na hapo ndipo unaweza kulala.