Kutafuta mkono wako kwenye nyuzi

Acha kununua nyuzi kwa muda. Kikapu chenye nyuzi aina ishirini huzaa vipande ishirini visivyojuana. Chagua aina moja na kazi moja: kufuma, kupiga mafundo au kutarizi. Shikilia hizo mbili mpaka umalize vipande 12, kila kimoja sentimita 10 kwa 10.

Kwa mfumaji, fremu ya mbao ya sentimita 20 kwa 25 yatosha. Pigilia misumari midogo juu na chini kwa safu mbili zinazopishana, nafasi ya nusu sentimita, maana ikipangwa kwenye mstari mmoja mbao hupasuka. Mtande, yaani nyuzi zinazovutwa kati ya misumari ya juu na ya chini, uwe wa pamba iliyosokotwa ikakaza. Sufu laini huvutika wakati unafuma, na ukikitoa kipande kwenye fremu kinajikunja.

Kingo zikianza kuingia ndani, kazi ikapata kiuno, usilaumu fremu. Umepitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza mtande, ukiwa umenyooka, kisha ukauvuta. Upitishe kwa upinde, katikati ukiinuka sentimita 2 hivi, ndipo uushindilie kwa uma kuanzia katikati kwenda pembeni. Uzi unahitaji urefu wa ziada wa kupanda na kushuka kwenye mtande.

Kila kipande kibadilishe jambo moja tu: unene wa uzi, msongamano, au ukazaji. Ukibadilisha mawili hutajua lipi limeleta ulichokiona. Funga kikaratasi palepale: namba, uzi, nafasi ya mtande, kilichobadilika. Kumbukumbu ya kichwa haifiki wiki.

Malighafi nayo ina tabia zake, na hapa ndipo penye utamu. Katani kavu hukataa kupinda; iloweke nusu saa, ipinde ikiwa mbichi, iache ikauke mahali pake, nayo itashika umbo. Sufu ikipata maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, hushikamana na kusinyaa, na hairudi tena. Magdalena Abakanowicz, msanii wa Polandi, miaka ya 1960 alifumua kamba kuukuu za katani na kufuma kazi kubwa zinazoning'inia angani. Ukali wa nyuzi zile hakuuficha, aliuacha uonekane.

Ukitaka rangi, pima sufu ikiwa kavu. Kwa gramu 100, shabu, chumvi inayosaidia rangi kushika, gramu 12 inatosha. Ikizidi sana sufu hunata mkononi. Lowesha sufu kwanza, itie kwenye maji ya shabu, pandisha moto polepole hadi nyuzi joto 80, iache humo saa moja, ipoe ndani ya sufuria. Pamba hupokea shabu kwa shida, kwa hiyo huanza kulowekwa kwenye maji ya magome au majani yenye tanini. Rangi ya bizari ya manjano hung'aa siku ya kwanza lakini hupauka upesi kwenye mwanga. Funika nusu ya kipande kwa kadibodi, kiweke dirishani wiki mbili, kisha fungua ulinganishe.

Vipande 12 vikitimia, vitandaze sakafuni. Usitafute kizuri. Tafuta kinachojirudia bila wewe kupanga: pengine unaacha matundu upande wa kushoto, au fundo lako hulala upande mmoja. Chukua kosa moja ulifanye mara tatu kwa makusudi. Likikataa kurudi, lilikuwa bahati tu. Likirudi sawasawa, umelimiliki, na unaweza kuliweka popote unapotaka.

Sasa lipeleke kosa hilo kwenye kipande cha sentimita 60. Wengi hukwama hapa kwa kubaki na uzi uleule: tundu lililotawala kipande kidogo linakuwa doa. Unganisha nyuzi tano au sita ziwe mshindio mmoja, tanua nafasi za mtande zilingane na unene huo, na fuma sampuli ya upana wa kiganja kabla ya kutanda fremu nzima.