Presha baada ya kiharusi: ya kupanga kabla mgonjwa hajarudi nyumbani

Ndugu wengi hushtuka wodini wakiona presha imesimama 190 na daktari hana haraka ya kuishusha. Mara nyingi ana sababu. Mshipa wa ubongo ukiziba, sehemu inayopakana na ile iliyokufa inaponea kwenye damu kidogo inayosukumwa kwa nguvu. Shusha presha ghafla, nayo inaweza kufa. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hubanwa zaidi: kwa saa 24 za mwanzo haitakiwi avuke 180/105. Basi kabla ya kuruhusiwa, muulizeni daktari: kwa mgonjwa wetu huyu, tunalenga namba ngapi? Wengi huambiwa chini ya 130/80, lakini si wote. Iandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mashine iwe ya kufunga juu ya kiwiko, na mkanda uenee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure.

Halafu, mkono upi? Baba yetu alipooza kulia, na wiki nzima tulimpima mkono huohuo, kwa kuwa ndio uliokuwa upande wa meza. Leo 118, kesho 150, nyumba nzima roho juu. Kliniki nesi akaunyanyua ule mkono, ukaanguka kama kitambaa, akafunga mkanda wa kushoto bila kusema neno. Mkono uliolegea au kukakamaa hauaminiki. Pimeni ule mzima, siku zote uleule.

Aende haja kwanza. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Kimya. Hapa ndipo penye kazi, maana wageni wa kutoa pole hawaishi na mgonjwa anataka kuitikia kila salamu. Pimeni mara mbili, mpishanishe dakika moja, mwandike zote: asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Namba moja iliyoruka isiwatoe jasho. Daktari anataka kuona wiki nzima.

Akiona kizunguzungu anaponyanyuka, mpimeni amekaa, kisha amesimama huku mmemshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, semeni kliniki. Wanaoanguka usiku wakienda chooni, wengine ni hawa.

Msimwongezee kidonge kwa sababu imepanda, wala msiache dawa kwa sababu imekaa sawa. Na diklofenaki ya kununua dukani kwa ajili ya bega linalouma inaweza kupandisha presha. Ulizeni kwanza.

Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, msitafute mashine. Mpelekeni hospitali. Namba ya dereva anayepokea simu usiku iwe kwenye daftari hilohilo, na mkumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu hapo.