Bolti za injini ya pikipiki: zipi unarudishia, zipi unatupa

Wanaofungua injini wenyewe nyumbani, hasa hizi Boxer, TVS na za Kichina zenye injini ya muundo wa Honda CG, huwa wanauliza wakishafungua kava ya klachi wanunue bolti mpya zote au warudishie zilezile. Jibu langu rudishia zilezile, isipokuwa chache ntazotaja. Bolti iliyokuja na injini kutoka kiwandani hata kama imepauka ina ugumu na urefu unaotakiwa, wakati ile inayong'aa utakayochaguliwa dukani kwenye kopo la mchanganyiko hujui imetengenezwa na chuma gani. Na ile habari kwamba bolti za hedi (kichwa cha silinda) zinatumika mara moja tu imetoka kwenye magari, kuna injini za magari bolti zake zinakazwa mpaka zinavutika kidogo makusudi, ukishazifungua kazi yake imeisha. Hizi pikipiki zetu hedi nyingi zinashikwa na stadi ndefu (vyuma vyenye nyuzi ncha zote mbili) na nati, na za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, hata usiziwaze, krenki imeunganishwa kwa presi, konrodi haina bolti.

Sasa kabla hujashika spana osha injini kwanza, mchanga uliojaa kwenye vichwa vya bolti ndio utakaodumbukia kwenye matundu. Alafu chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava kwa kalamu, toboa matundu kama yalivyokaa na kila bolti ukiitoa ichomeke palepale kwenye tundu lake. Usiione ni ya kitoto hii, maana bolti za kava zinafanana vichwa lakini urefu unapishana, na ukichomeka ndefu kwenye tundu fupi itagota chini kabla haijabana kava, wewe unaona bado inalegea unaongeza nguvu, kesi (ganda la injini) inapasuka. Ukichomeka fupi kwenye tundu refu inashika nyuzi mbili tatu tu na hizo zinatoka zote siku ukikaza.

Kulegeza nenda kwa kupishana pande, robo mzunguko kila moja, usimalize moja ndio uende nyingine. Iliyoganda usiilazimishe, mwagia oili ya kulainisha kutu, iache, igonge kichwani kwa nyundo ndogo kisha jaribu tena. Kama ni zile skrubu za nyota za pikipiki za zamani, bisibisi ya kawaida inateleza na kula kichwa, tafuta bisibisi ya kugonga, ile ukiipiga nyundo inazunguka yenyewe.

Ukishazitoa zioshe na petroli na brashi ya waya, kaa sehemu yenye hewa na mbali na moto, kisha zikague moja moja. Ya kwanza, kichwa: kama kona zimelika na spana inaruka, tupa, maana safari ijayo haitatoka. Ya pili, nyuzi. Chukua bolti mbili za aina moja, moja ambayo una uhakika ni nzima, zilaze nyuzi kwa nyuzi zikiangalia mwanga wa jua. Nzima zitaingiana mpaka mwisho bila nafasi, iliyovutika utaona zinaanza vizuri alafu katikati nyuzi zinapandiana na mwanga unapenya. Hiyo haina msamaha. Vilevile ukiona shingo imekuwa nyembamba sehemu moja, au imepinda ukiivingirisha kwenye kioo.

Lakini niseme ukweli, mara nyingi bolti ni nzima na kilichoharibika ni tundu, sababu bolti ni chuma na kesi ni aluminiamu, wakivutana laini ndiye anayeumia. Kwa hiyo chukua bolti mbovu ya saizi hiyo, ikate mfereji wa urefu kwa msumeno wa chuma upite kwenye nyuzi, piga tupa ncha kidogo, ushapata kifaa cha kusafishia tundu: inaingia kwa mkono na uchafu unakaa kwenye mfereji. Kisha puliza kwa kompresa ukiwa umefunika macho. Tundu lisilotokea upande wa pili lisibaki na oili wala maji chini, oili haibonyei, bolti ikishuka inaisukuma mpaka kesi inapata ufa. Kama nyuzi za tundu zimekwisha kabisa peleka kwa mkereza vyuma aweke koili au bushi yenye nyuzi, achana na mtindo wa kuzungushia nailoni au kupigilia bolti kubwa zaidi.

Za kutupa hata kama zinaonekana nzuri ni washa za aluminiamu za bolti ya kumwaga oili. Ya shaba unaweza kuirudisha, ichome mpaka iwe nyekundu kisha ipoze inakuwa laini tena. Bolti za ndani zile ambazo zikilegea hakuna atakayeziona, za gia ya kamu, za klachi ya staata, zilizokuja na gundi ya nyuzi (ya kuzuia bolti isilegee) kutoka kiwandani, futa gundi ya zamani yote na utie mpya ya nguvu ya kati, tone moja. Nyekundu, ile ya nguvu zaidi, acha, utakuja kuhitaji moto wa jiko la gesi kuifungua. Na ukikuta nati yenye kofia na washa ya shaba juu ya hedi irudi stadi ileile, mara nyingi oili inapanda kupitia hapo.

Ukilazimika kununua angalia namba ya ugumu kichwani, 8.8 inatosha sehemu nyingi, isiyo na namba kutoka duka la vifaa vya ujenzi usiweke kwenye injini.

Kufunga: kila bolti ianze kwa vidole, ikigoma itoe uanze upya, kisha kupishana pande kwa awamu mbili au tatu. Kitabu cha pikipiki yako ndio mwenye neno la mwisho, ila kwa kawaida bolti yenye unene wa milimita 6 kwenye nyuzi (siyo saizi ya spana) inataka Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hadi 12, ya milimita 8 Nm 22 hadi 27. Nm 10 ni kama kusukuma kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 10, yaani kidogo sana, na hapa ndipo T-spana inapoua kesi nyingi, watu wanaikamata ncha zote mbili kwa mikono miwili wanajipinda nayo. Kama huna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kamata T karibu na katikati kwa vidole, ikigota ongeza kidogo basi. Nyuzi zikiwa na oili punguza tena, maana zinateleza na nguvu ileile inavuta bolti zaidi.

Ukiwasha na oili ikatokeza pembeni ya kava usikimbilie kukaza na injini ya moto, iache ipoe, pitia bolti zote kwa nguvu ileile, na kama bado inavuja fungua uangalie gasketi.