Kupunguza uniti za LUKU msimu wa jua, Mbeya na Iringa: anza na maji ya moto

Kipupwe kikiisha, nyumba nyingi za nyanda za juu hutegemea kwamba LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, itapumua. Haipumui. Kuanzia Septemba mpaka mvua za Novemba mchana unakuwa wa jua kali, friji inakimbia muda mrefu zaidi, feni zinatoka stoo, na hita ya kuogea haizimwi kwa sababu alfajiri bado kuna kibaridi. Mita inaliwa pande zote mbili.

Kinachomaliza uniti ni kifaa kinachotengeneza joto au kinacholiondoa. Taa na televisheni vinakuja mwisho kabisa, ingawa ndivyo watoto wanavyogombezwa kila siku.

Hatua ya 1: Jua uniti yako inauzwa bei gani

Chukua risiti ya mwisho. Toa kwanza kodi ya jengo kama ilikatwa siku hiyo, halafu gawanya kiasi kilichobaki kwa uniti ulizopata. Ukipata kama Sh 122, uko kwenye kundi la matumizi madogo (D1). Ukipata kama Sh 356, uko kwenye kundi la matumizi ya kawaida (T1). Bei ya msingi ni Sh 100 kwa D1 na Sh 292 kwa T1. Juu yake inakuja VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1.

Aliye D1 ana mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, yaani Sh 9,150. Uniti ya 76 inapanda hadi Sh 350 kabla ya makato, karibu Sh 427 ukijumlisha yote. Kosa la kawaida ni kununua umeme mwingi tarehe 28 "ili usisumbuke", wakati mwezi huo umeshafika 75. Subiri tarehe 1.

Hesabu zinazofuata nimezifanya kwa Sh 356.

Hatua ya 2: Hesabu mapigo ya taa ya mita

Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani mapigo kwa kila uniti moja. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja tu, kisha hesabu taa inawaka mara ngapi kwa dakika moja. Kwa mita ya 1000, zidisha kwa 60 upate wati. Kwa mita ya 1600, zidisha kwa 37.5. Pasi ya wati 1,000 kwenye mita ya 1000 itawasha taa kama mara 17 kwa dakika ikiwa inapasha.

Kabla hujaendelea, fanya jaribio moja. Chomoa kila kitu kwenye soketi, zima taa zote, kaa dakika tano ukiitazama mita. Haitakiwi kuwaka hata mara moja. Ikiwaka, zima meinswichi. Ikitulia hapo, umeme unavuja ndani ya nyumba yako: mara nyingi ni koili ya hita iliyotoboka, au waya wa taa ya nje uliopita ardhini bila bomba. Hiyo ni kazi ya fundi umeme. Ikiendelea kuwaka hata meinswichi ikiwa chini, tatizo liko kati ya mita na swichi, labda kuna mtu amejiunga hapo. Usiguse, toa taarifa TANESCO.

Halafu andika uniti zilizobaki kila siku saa 1 jioni kwa siku saba. Bila namba hizo hutajua kama hatua zinazofuata zimesaidia.

Hatua ya 3: Maji ya kuoga

Hapa ndipo hela ilipo, kwa hiyo tusiharakishe.

Hita ya shawa ya wati 5,500 ikiwashwa dakika 10 inakula uniti 0.92, karibu Sh 330. Familia ya watu watano wakioga hivyo mara moja kwa siku, mwezi unaisha na uniti 138, zaidi ya Sh 49,000. Kuogea tu.

Wengi hufungua maji kidogo wakidhani wanabana matumizi. Hita hiyo haijali maji yanatoka mengi au kidogo. Ikishawaka inakula kiasi kilekile, na ukibana koki unayafanya maji yawe moto zaidi na koili iungue mapema. Kinachopunguza uniti ni vitu viwili tu: dakika chache, au swichi ya hita kwenye nafasi ya chini. Msimu huu, mchana na jioni, nafasi ya chini inatosha kabisa.

Angalia pia waya. Wati 5,500 ni kama ampea 24. Waya unaofaa ni wa mm² 6 ukiwa na breka yake ya ampea 32, na waya wa ardhi lazima uwepo. Mafundi wa haraka hufunga mm² 2.5 kwa sababu ni rahisi bei. Gusa ganda la waya au breka mara baada ya mtu kuoga: ikiwa ni ya moto, umeme unaoulipia unapasha ukuta, na siku moja utachoma nyumba.

Ndoo bado inashinda shawa kwa mbali. Kupasha lita 10 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji kama uniti 0.23, yaani Sh 83. Ukitumia ile hita ya kuzamisha kwenye ndoo, ndoo iwe ya plastiki, na uchomoe kwenye soketi kabla ya kutia mkono kujaribu joto. Watu wamekufa kwa kosa hilo.

Bora kuliko vyote ni jua. Katikati ya Oktoba jua la mchana linapita utosini Mbeya na Iringa, kwa hiyo hata bati lako limeinamia upande gani si hoja. Nunua roli ya mita 100 ya bomba jeusi la poli la robo tatu: lenyewe linabeba lita 30 hivi za maji. Lizungushe kama mkeka juu ya bati na ulifunge kwa waya kila baada ya nusu mita. Ingiza maji kutoka kwenye tanki lililo juu kuliko bomba, toa upande wa pili kwenda bafuni, na weka koki bafuni peke yake. Usiliunganishe moja kwa moja na maji ya mamlaka: bomba likipata joto linalainika, na presha ya mtaani italipasua kwenye maungio. Usifunge pia koki upande wa tanki, maji yakipata joto yanatanuka na lazima yawe na pa kurudi. Saa 8 mchana maji hayo yanaweza kuchoma ngozi ya mtoto, yachanganye kwanza kwenye ndoo.

Yatumie kabla ya saa 2 usiku. Bomba lisilofunikwa juu ya bati halihifadhi joto, asubuhi maji ni ya baridi kama ya kisimani. Familia inayohamishia kuoga jioni ndiyo inayoona tofauti kwenye LUKU.

Hatua ya 4: Friji

Isogeze sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Chomoa, pangusa vumbi kwenye vyuma vya nyuma kwa brashi laini. Kiangazi cha huku kina vumbi, mara mbili kwa mwaka ndiyo kiwango cha chini.

Bana noti kwenye mlango uliofungwa, kisha ivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, mpira umechoka. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, mara nyingi ni uchafu tu. Barafu ya kwenye friza ikizidi milimita 5, yeyusha. Usiibandue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

Kuzima friji usiku ili kuokoa uniti hakulipi. Usiku wa Mbeya ni wa baridi, friji yenyewe inapumzika sana saa hizo. Asubuhi inabidi irudishe ubaridi wote iliopoteza, na nyama inaanza kuharibika.

Kwa wanaouza barafu na lambalamba msimu huu: kugandisha lita 10 za maji ya bomba kunakula takribani uniti moja. Weka hiyo Sh 356 kwenye bei yako. Wengi wanahesabu sukari na mifuko tu.

Hatua ya 5: Nyumba ipoe bila mashine

Mbeya mjini na Iringa mjini hewa ya usiku inashuka sana, itumie. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana kuanzia saa 12 jioni, nyavu za mbu zikiwepo, halafu funga madirisha na mapazia saa 3 asubuhi kabla joto halijaingia. Ukuta wa tofali za kuchoma utashikilia ubaridi huo hadi mchana. Chumba kisicho na dari chini ya bati hakitashika, hapo hela ya feni afadhali iende kwenye dari.

Feni ya wati 55 kwa saa 8 inakula uniti 0.44. Inapoza mwili, haipozi chumba, kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni hasara tupu.

Kyela na bonde la Usangu ni habari nyingine, hasa Kyela: usiku una joto na unyevu. Huko feni ni ya lazima, na akiba itafutwe kwenye friji.

Hatua ya 6: Jikoni

Mbeya mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ndiyo maana maharage hayaivi upesi. Pleti ya umeme ya wati 1,000 kwa saa mbili na nusu ni uniti 2.5. Loweka usiku kucha, upike kwa jiko la presha la umeme: likishafikia presha linajizima na kujiwasha lenyewe, na presha inapandisha joto juu ya nyuzi 100. Nguo zipigwe pasi zote siku moja kwa wiki.

Hatua ya 7: Pima tena

Rudia ile wiki ya kuandika uniti. Kama hazikushuka na maji ya kuoga umeshayabadilisha, amka saa 9 usiku, acha friji peke yake, tazama taa ya mita kwa saa moja. Friji nzima hukimbia kisha ikapumzika. Inayokimbia saa nzima bila kutulia, usiku wa baridi, imepungukiwa gesi au kidhibiti joto chake kimekwama. Muite fundi friji akague kabla hujanunua umeme mwingine.