Kabla ya kwenda Magadi kupiga picha za nebula

Mafunzo mengi ya kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota, na galaksi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na karibu yote huanzia mahali pamoja: lenga nyota ya kaskazini. Ukiwa Magadi nchini Kenya, nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, nyota hiyo, jaa ya mabaharia wetu wa zamani, imezama chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga nayo imepanda nyuzi mbili tu, imefichwa na vumbi na vilima. Ndiyo maana mwenzangu yeyote wa Nairobi anayetaka kwenda huko mimi humwambia kazi kubwa aifanye nyumbani, mchana.

Tarehe kwanza. Januari na Februari kuna ukavu, na mwezi usiwepo angani. Siku tatu nne kabla au baada ya mwezi mwandamo zinatosha. Wazee walisoma mvua kwenye kundi la nyota la Kilimia, mimi nasoma picha za setilaiti alasiri ya siku ya safari, na nikiona mawingu nabaki nyumbani bila kinyongo. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 110. Mwanga wa jiji unabaki nyuma yako upande wa kaskazini-mashariki, anga la kusini linakuwa jeusi, ila sogea mbali na taa za kiwanda cha magadi.

Chagua unachokwenda kupiga kabla hujaondoka. Katikati ya Januari, Nebula ya Orioni inafika karibu na utosi saa nne na nusu usiku. Wakati huohuo Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, linaonekana kusini kama moshi uliosahauliwa. Ukivumilia hadi karibu alfajiri, Nebula ya Carina inakuwa imepanda nyuzi thelathini na kitu. Usiuze ng'ombe ununue darubini: Nebula ya Orioni ina upana wa mwezi mpevu mara mbili, na galaksi ya Andromeda, ya kungojea Oktoba, mara sita. Lenzi ya milimita 200 inatosha kwa hizo mbili.

Kisicho na mbadala ni kile kichwa chenye mota kinachofuata nyota. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa lenzi hiyo juu ya tripodi tupu unapata sekunde mbili tu kabla nyota hazijawa vijiti. Mota ikipangwa vizuri unafika dakika moja. Hapa ndipo ikweta inapotusumbua. Mhimili wa mota lazima uelekee ile ncha ya kusini ya anga, kwa hiyo unalala karibu sambamba na ardhi, na kamera au uzito wa kusawazisha unaweza kugonga miguu ya tripodi; vichwa vingine havishuki kabisa hadi nyuzi mbili. Funga kila kitu sebuleni, zungusha, uone kinapogonga. Ule mwinamo wa nyuzi mbili uupime kwa simu. Uelekeo wa kusini utafute kwa dira, mbali na gari, maana chuma huipotosha. Kisha tazama kwenye skrini nyota iliyo utosini kwa dakika tano. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, sogeza kichwa kidogo kulia au kushoto. Ikizidi kuhama, umekosea upande, rudi. Kazi hii hunila nusu saa, na sijawahi kuijutia.

Na swichi ya mota ya N (kaskazini) na S (kusini) iwe kwenye S. Niliwahi kuisahau kwenye N, mota ikazunguka kinyumenyume saa nzima nami nakunywa chai ya chupa nikijipongeza.

Betri mbili, kadi tupu, tochi ya mwanga mwekundu, maji, mtu anayejua uko wapi: hayo unayajua. Pengine hujui kwamba joto la Magadi huzidisha chengachenga kwenye picha. Dawa ni kupiga picha nyingi, faili ghafi za RAW, halafu kuziunganisha kwa programu ya bure kama Siril. Picha mia moja hupunguza chengachenga hadi sehemu ya kumi. Piga pia ishirini huku kifuniko cha lenzi kimefungwa, palepale, kwa muda uleule na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ileile, ili programu ijue uchafu wa joto la usiku huo. Lenzi usiibadilishe nje, vumbi la magadi lina chumvi.

Kukipambazuka, usiguse fokasi wala usizungushe lenzi. Tandaza fulana nyeupe mbele yake, ielekeze juu, upige nyingine ishirini za kusahihisha giza la pembeni na madoa ya vumbi. Baada ya hapo ndipo ufungashe.